Hukumu ya Kanada na mashamba ya wazee wa Dar

Tangu Agosti 2025 kuna hukumu ya Kanada inayozungushwa kwenye simu zetu hapa Dar es Salaam ikiwa na maelezo ya kutisha: wenyeji wa asili wamepewa nyumba za watu, hati miliki hazina tena maana, na sisi tukiendekeza mambo ya haki za mila tutafika hukohuko. Nimeisikia ikitajwa na madalali wa viwanja, na nimeisikia pia ikitajwa na watu waliosoma sheria, na kila mara mwisho wa maneno ni uleule, kwamba mji hauwezi kujengwa ikiwa kila mzee mwenye mikorosho atasikilizwa. Naamini hukumu hiyo imeeleweka kinyume. Inachosema ni kwamba serikali ikigawa ardhi yenye mwenyewe bila kumaliza kwanza haki yake, haki hiyo haifi kwa kunyamaziwa. Inabaki kama deni, na mdaiwa ni serikali iliyogawa. Tena kwa Dar es Salaam jambo hili lina uzito zaidi kuliko huko Kanada, kwa sababu sehemu kubwa ya mji huu imesimama juu ya haki hiyohiyo ya mila tunayoambiwa tuiogope.

Tuiweke kwanza hukumu mahali pake. Tarehe 7 Agosti 2025 Jaji Barbara Young wa Mahakama Kuu ya jimbo la British Columbia aliamua shauri la watu wa Cowichan, jamii ya wenyeji wa asili wa huko, dhidi ya serikali ya Kanada, serikali ya jimbo, mji wa Richmond na wengine. Shauri lilianza kusikilizwa 2019 na likatumia siku 513 mahakamani. Wacowichan walidai kijiji chao cha zamani, Tl'uqtinus, ukingoni mwa Mto Fraser, mahali walipokuwa wakihamia kila kiangazi kuvua samaki. Katika karne ya 19 wakoloni waliigawa ardhi ile kwa watu wengine, na kinachonigusa zaidi katika ushahidi ni kwamba Kanali Richard Moody, ofisa wa kikoloni aliyekabidhiwa dhamana ya ardhi yote, ndiye aliyejinunulia kwa siri sehemu ya kijiji hicho. Jaji alisema haki ya asili ya Wacowichan katika takriban ekari 800 ingali hai. Akasema hati za serikali kuu na za mji wa Richmond katika eneo hilo, isipokuwa chache, zina kasoro na ni batili, kisha akasimamisha athari za tamko hilo kwa miezi 18 ili pande zipate kupanga mambo.

Wacowichan hawakumshitaki mwenye nyumba hata mmoja. Hawakuiomba mahakama ifute hati za watu binafsi, na mahakama haikuzifuta. Kuhusu hati hizo, jaji aliitaka serikali ya jimbo ikae na Wacowichan na kujadiliana kwa nia njema namna ya kupatanisha haki mbili zilizolaliana juu ya udongo mmoja. Hofu ya wenye nyumba haikuzuka hewani, hilo nakiri, kwa kuwa jaji alisema wazi kwamba kitendo cha serikali kutoa hati zile kiliingilia haki ya wenyeji bila sababu inayokubalika, na Oktoba ya mwaka huohuo meya wa Richmond aliwaandikia wakazi barua ya tahadhari. Rufaa zimekatwa, na huenda mahakama za juu zikabadilisha mengi. Hata hivyo habari inayosambazwa kwetu, ya Mhindi Mwekundu anayemtoa mjane nyumbani kwake, haimo katika hukumu hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya Sultani Majid wa Zanzibar kuanza kujenga majumba yake hapa miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha Mzizima. Washomvi walikaa pwani, Wazaramo wakalima bara yake kidogo, na mashamba yalikuwa na wenyewe na mipaka inayojulikana. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa tamko lililoifanya ardhi yote kuwa ya dola, isipokuwa pale mtu au jumuiya ilipoweza kuthibitisha umiliki. Na ushahidi uliopendwa na ofisi ya Mjerumani ulikuwa karatasi. Waingereza wakaja na sheria yao ya ardhi ya 1923, wakaiita ardhi yote ya umma na kumkabidhi gavana. Ilibidi kusubiri hadi 1928 sheria hiyo irekebishwe ili itamke kwamba hata mwenyeji anayekalia ardhi kwa taratibu za mila zake ana haki ya kuikalia inayotambuliwa na sheria. Msingi huo wa 1928 haukuwahi kufutwa. Uhuru ulikuja, Azimio la Arusha likaja, vijiji vya ujamaa vikaja, nao ukabaki palepale ukipuuzwa zaidi kuliko kutumiwa.

Mahakama zetu zimeusoma msingi huo kwa njia mbili, na hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Katika kesi ya Mwalimu Omari na mwenzake dhidi ya Omari Bilali, iliyomo katika ripoti za sheria za 1990, ilisemwa kwamba haki ya mila na hati ya serikali haziwezi kuishi pamoja mjini. Eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji na kupimwa, mwenye ardhi ya mila akimbie akaombe hati. Akizubaa na hati ikatolewa kwa mwingine, yeye anabaki kama mtu aliyekalia ardhi isiyo yake. Fikiria maana yake kwa mkulima wa Mbweni au Kibada wa wakati ule. Tangazo linatoka katika Gazeti la Serikali, hajui hata linauzwa wapi, na kwa sababu hakukimbia, shamba alilolirithi kwa babu yake linakuwa la mtu asiyewahi kulikanyaga.

Njia ya pili ilifunguliwa Desemba 1994 na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe. Baba na mwana hao wa kijiji cha Kambi ya Simba, wilaya ya Mbulu wakati huo, walikuwa wameshinda kesi na kurudishiwa shamba lao la mila lililochukuliwa katika zoezi la kuanzisha vijiji. Bunge likatunga Sheria Na. 22 ya 1992 iliyofuta haki za namna hiyo, bila fidia, na kuwazuia watu kwenda mahakamani. Upande wa serikali ulidai kwamba mwenye ardhi ya mila hana mali yoyote ya kulindwa na Katiba. Nyalali alilikataa jambo hilo kwa hoja ambayo kila anayegawa viwanja angepaswa kuisoma: kama ni hivyo, alisema, basi wakazi wote wa Tanzania Bara ni kama maskwota katika nchi yao wenyewe. Mahakama ikaamua kwamba haki ya mila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba fidia haiishii kwenye nyumba na mazao. Hata pasipo na jengo, ikiwa mtu ameweka nguvu yake katika ardhi ile, anastahili kulipwa.

Mtu aliyezisoma kesi hizi mbili kwa utulivu hawezi kusema kwamba zinapatana. Ya kwanza inamwadhibu mzee kwa kutokimbia. Ya pili inasema mali yake haiondoki bila fidia. Kikatiba ya pili ina nguvu zaidi, lakini ofisini, kwenye ramani na mezani kwa mpimaji, ni ya kwanza inayoishi.

Bunge lilipata nafasi ya kulimaliza. Tume ya Rais ya uchunguzi wa masuala ya ardhi, iliyoundwa 1991 chini ya Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi nzima na kuandika mambo ambayo hadi leo yanasomeka kama yameandikwa jana. Ikafuata Sera ya Ardhi ya 1995, kisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Sheria ya Vijiji inatamka kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa kwa kila hali na ile inayotolewa na serikali. Kwa mtu wa Kisarawe au Mkuranga hiyo ni ngao. Kwa mtu wa Dar es Salaam siyo, kwa kuwa kijiji kikishamezwa na jiji kinakuwa mtaa, ardhi yake inahama kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, na ile sheria nzuri inabaki ng'ambo ya mpaka. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba mjini hakuna mila. Wanasahau kusoma Sheria ya Ardhi yenyewe, inayohusu mjini, ambayo katika tafsiri yake ya haki ya kukalia ardhi inaijumuisha haki ya Mtanzania mwenye asili ya Afrika anayetumia ardhi kwa mujibu wa sheria za mila. Na sheria hiyohiyo inataka wanaokalia kwa mila, wakihamishwa ili hati itolewe kwa mwingine, walipwe fidia ya haki yao katika ardhi na hasara zao nyingine. Fidia kamili, ya haki na kwa wakati ni miongoni mwa misingi yake mikuu. Kukua kwa mji hakumuui mwenye haki ya mila. Kunachofanya ni kumpa jirani mwenye tamaa ya shamba lake, yaani serikali, na sheria ikamwambia jirani huyo: ukilitaka, lipa.

Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza 2002, ulionyesha jambo hili linavyokwenda vizuri nusu na vibaya nusu. Serikali iliingia Mbweni, Bunju, Mivumoni, Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Buyuni na kwingineko, ikalipa fidia kwa wenye mashamba, ikapima na kuuza. Ilikuwa hatua kubwa ukilinganisha na miaka ya nyuma, kwa sababu ilikiri kwamba kulikuwa na wenye mali. Ila fidia ilipimwa kwa jicho la shamba na kiwanja kikauzwa kwa bei ya mji, hivyo mzee aliyelipwa minazi yake hakuweza kununua hata kipande cha shamba alilokuwa akilima juzi. Gezaulole ni mfano unaouma zaidi. Mahali pale ni Mbwamaji, mji wa Waswahili wa zamani. Miaka ya ujamaa pakageuzwa kijiji cha mfano, watu kutoka mbali wakaletwa kulima pamoja na wenyeji, na kizazi kimoja baadaye wote kwa pamoja, wenyeji na walioletwa, wakajikuta ndani ya ramani ya viwanja.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo wapinga mila hawalioni. Mbagala, Gongo la Mboto, Kitunda, Kimara na Goba ziliota kwa njia moja. Mzee mwenye shamba alikata kipande akamuuzia mgeni kutoka Mbeya, Kilimanjaro au Kagera. Karatasi ikaandikwa kwa mkono, mashahidi wakasaini, mjumbe akasaini, ofisi ya serikali ya mtaa ikagonga muhuri na kuachiwa chake. Mgeni akajenga, akawauzia wengine, na leo tunauita huo mji. Swali la kisheria ni jepesi: yule mzee aliuza nini? Kama hakuwa na haki yoyote, basi hakuwa na cha kuuza, na karatasi zote zilizofuata, hata ziwe na mihuri mitatu, zimesimama juu ya hewa. Kama alikuwa na haki, basi ni ileile ya mila. Hakuna njia ya katikati inayomwita mzee mvamizi na kumwita mnunuzi wake mwenye mali. Serikali yenyewe inalijua hilo. Katika urasimishaji wa makazi, mwenye nyumba anapoitwa kwenye mtaa kuonyesha mipaka yake ili atengenezewe hati, kinachokaguliwa ni karatasi ileile ya mauziano. Hati nyingi mpya za jiji hili, ukizifuatilia hadi kwenye mzizi, zinakomea kwa mzee mmoja wa Kizaramo aliyeonyesha kwa kidole: kutoka mwembe ule mpaka kwenye minyaa ile.

Kwa hiyo mgogoro wa mila na hati siyo wa Wazaramo dhidi ya wageni. Wageni ndio warithi wakubwa wa haki ya Wazaramo. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao wanaishi kwenye maeneo yaliyojengwa kabla ya mpimaji kufika. Anayebeza haki ya mila mbele ya hadhara ya watu wa Mbagala anawaambia, bila kujua, kwamba nyumba zao hazina baba.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ya uhakika wa daftari la hati. Mtu amechukua mkopo benki, amenunua kiwanja chenye hati, amefanya upekuzi kwa msajili na kukuta jina la muuzaji, amelipa kodi ya ardhi kila mwaka. Akisikia kwamba mzee fulani anaweza kuibuka na ushahidi wa minazi, atamwamini nani tena? Hoja hii naiheshimu. Mahakama ya Rufani nayo imeipa uzito: katika kesi ya Amina Maulid Ambali na wenzake dhidi ya Ramadhani Juma, rufaa Na. 35 ya 2019, ilisema kwamba watu wawili wakigombea ardhi, mwenye hati atachukuliwa kuwa ndiye mmiliki halali, isipokuwa ikithibitika kwamba hati haikupatikana kihalali. Ni kanuni ya busara, na bila kanuni ya namna hiyo soko la viwanja lingegeuka vurugu. Lakini soma mwisho wake tena. Kanuni haikusema hati ni mwisho wa mjadala. Imeacha mlango, na katika mlango huo ndimo anamopita mtu ambaye ardhi yake ilipimwa na kugawiwa bila kulipwa. Tatizo ni kwamba mzigo wa kuthibitisha umewekwa mgongoni mwake yeye, na vitu anavyotakiwa kuthibitisha viko kwenye majalada ya ofisi ambayo hana ruhusa ya kuyafungua.

Niliwahi kukaa katika chumba cha baraza la ardhi na nyumba la wilaya wakati mzee mmoja akitoa ushahidi. Mwenyekiti alimwuliza kwa upole, "Mzee wangu, una nyaraka gani?" Mzee akatoa daftari la shule, lile la kurasa 48, ambamo mjukuu wake alikuwa amemwandikia orodha: minazi mingapi na nani aliipanda, mwembe wa dodo wa mama yake, makaburi ya watu gani yako upande gani. Wakili wa upande wa pili alikuwa na hati moja, yenye ramani na namba. Sikukaa mpaka mwisho wa shauri na sijui nani alishinda. Nilichokiona ni kwamba katika chumba kile hakukuwa na mtu yeyote kutoka ofisi iliyogawa kiwanja, na hakuna aliyeuliza kama kabla ya kukigawa kuna mtu aliyelipwa. Watu wawili waliodhulumiwa na mtu wa tatu walikuwa wakimalizana wenyewe kwa wenyewe. Huko Kanada mashahidi walisimulia mapokeo ya wazee wao, wanaakiolojia wakaja, shajara za wakoloni zikasomwa, na jaji akavipima vyote kama ushahidi. Sheria yetu haikatazi kufanya hivyo. Ushahidi wa mdomo unapokelewa katika mahakama zetu kila siku. Tunachokosa ni mtu wa kumwita mgawaji ajibu.

Hoja ya pili inasema sisi sote ni wenyeji, na kuanza kuulizana nani alitangulia ni kupalilia ukabila ambao Taifa hili lilijitahidi kuuzika. Serikali imeisimamia hoja hiyo hata katika masuala ya Ngorongoro na Loliondo, na ina ukweli ndani yake. Mimi mwenyewe nisingependa kuishi katika mji ambao baraza linaniuliza kabila kabla ya kuniuliza mpaka. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliwatambua Waogiek wa Msitu wa Mau nchini Kenya kama watu wa asili katika hukumu yake ya Mei 2017, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Kwa jamii iliyofukuzwa msituni mwake, utambuzi huo ulihitajika. Kwa Dar es Salaam hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Haki ya mila katika sheria zetu haisimami juu ya jina la kabila. Inasimama juu ya ukaaji na matumizi yanayotambuliwa na jirani. Mzaramo asiye na shamba hana cha kudai kwa sababu tu ya Uzaramo wake. Mnyakyusa aliyelima Kitunda kwa ridhaa ya wenyeji tangu miaka ya sitini anacho. Kwa msingi huo, hofu ya ukabila inajibiwa na sheria yenyewe bila kumnyang'anya mtu.

Iko hoja ya tatu, dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi: kwamba palikuwa pori, hapakuwa na mtu. Hii ni hoja ya Mjerumani wa 1895 iliyovaa suruali mpya. Australia iliishi nayo zaidi ya karne mbili, ikisema bara zima lilikuwa halina mwenyewe, hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoitupa tarehe 3 Juni 1992 katika kesi ya Mabo. Ukanda wetu wa pwani unajulikana jinsi unavyolimwa. Shamba la muhogo linalazwa miaka kadhaa ili udongo upumzike, vichaka vinaota, na mtu mgeni akipita anaona pori. Mwenyeji anaona mikorosho iliyopangwa mistari, na minyaa iliyopandwa kuonyesha kikomo, na kaburi lenye jiwe la matumbawe. Mnazi hauoti na kuzaa ndani ya mwaka mmoja. Ukikuta minazi mirefu mahali, kuna mtu aliyeipanda, na kuna aliyemrithi. Tena hata lingekuwa shamba lililoachwa kabisa, Nyalali alishajibu: kilichohitajika ni nguvu ya mtu iliyowekwa pale, na hiyo haipimwi kwa siku ambayo mpimaji alipita na gari.

Haki inanidai niseme pia kwamba siyo kila anayesema "shamba la babu" anasema kweli. Kuna wazee waliouza kipande kimoja kwa watu watatu. Kuna watoto waliorudi baada ya baba kufa na kukana mauzo aliyoyafanya mbele ya mashahidi, kwa kuwa bei imepanda. Kuna makundi ya vijana wanaoingia kwenye mashamba makubwa usiku, wanapanda migomba, wanatafuta mzee wa kuwasemea, na asubuhi wanakuwa wenyeji. Kule Chasimba, upande wa Wazo, maelfu ya watu walijenga ndani ya eneo la kiwanda, wakashindwa mahakamani, na bado ikabidi serikali itafute suluhu ya mazungumzo kwa kuwa huwezi kubomoa mji mzima kwa amri moja. Ukaaji mtupu wa namna hiyo usichanganywe na haki ya mila, na sheria ya ukomo wa madai ipo kwa ajili yake: miaka 12 kudai ardhi kwa mtu binafsi, 60 kwa serikali. Muda huo unakata pande zote mbili. Mzee aliyemwona mwenye hati akijenga na kukaa miaka 15 bila kwenda popote naye amejiweka pabaya. Wanaotetea haki ya mila hatuna budi kuyasema haya kwa sauti ileile, vinginevyo tutakuwa tunatetea madalali.

Kinachobaki ni gharama, na hapa ndipo hukumu za nje zinatufaa kweli. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Australia iliamua fidia ya watu wa Timber Creek, mji mdogo wa kaskazini mwa nchi hiyo, ambao haki yao ya asili ilikuwa imevurugwa na maamuzi ya serikali ya miaka ya themanini na tisini. Thamani ya ardhi yenyewe ilipigiwa hesabu ya dola za huko 320,250. Riba ya kucheleweshwa ikawa 910,100, karibu mara tatu ya ardhi. Hasara ya kiutamaduni ikawa milioni 1.3. Deni la ardhi linazaa lisipolipwa. Tunalo somo hilohilo hapa mjini bila kwenda Australia: wakazi wa Kipawa na jirani zake walifanyiwa tathmini 1997 kwa ajili ya upanuzi wa uwanja wa ndege, na walioanza kulipwa walilipwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Kati ya miaka hiyo mtu hawezi kuezeka upya, hawezi kuuza, hawezi kukopa, na mtoto aliyezaliwa siku ya tathmini anamaliza shule ya msingi chini ya bati lililotoboka. Kigamboni nayo, tangu mpango wa mji mpya ulipotangazwa 2008, ilikaa miaka ikizuiliwa kujiendeleza kwa mpango ambao mamlaka yake ilikuja kuvunjwa. Anayesema haki ya mila inachelewesha maendeleo aende akaulize huko ni nini hasa kilichochelewesha.

Ninachopendekeza ni badiliko moja katika namna ya kuendesha mashauri, na halihitaji Katiba mpya. Mtu akionyesha kwa ushahidi wa kawaida, wa mdomo au wa miti, kwamba yeye au wazazi wake walikalia ardhi kabla haijapimwa, mzigo uhame. Mamlaka iliyogawa iunganishwe katika shauri na itakiwe kuleta jedwali la fidia lenye jina, kiasi na saini au dole gumba la aliyelipwa. Ikilileta, mwenye hati anashinda na mzee anaelezwa kwa heshima kwamba haki yake ilikwisha kihalali. Isipolileta, mnunuzi aliyenunua kwa nia njema na kujenga abaki na nyumba yake, na mamlaka imlipe mzee kwa bei ya soko ya leo pamoja na riba. Kwa kiwanja ambacho hakijajengwa, nisingeona ugumu wa kukirudisha. Baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 limebaki na kazi ya usuluhishi peke yake, lipewe jukumu la kuandika ushahidi wa wazee kuhusu mipaka wakati wangali hai, kabla upimaji haujaanza katika mtaa. Gharama yake ni ndogo mno kuliko ile ya mashauri yatakayofunguliwa na wajukuu.

Rufaa ya Kanada itachukua muda wake na huenda Wacowichan wakapoteza sehemu ya walichopata. Hilo halitabadilisha hesabu yetu. Mashamba ya Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo yanakatwa viwanja sasa hivi kwa ajili ya watu wa Dar, na kampuni za kuuza viwanja zinapeleka mabasi ya wateja kila mwisho wa wiki. Anayepanda basi hilo huulizia umbali kutoka barabara ya lami, umeme, maji, na kama hati itatoka baada ya miezi mingapi. Aongeze kuomba nakala ya jedwali la fidia, au mkataba wa mauzo wenye jina la mwenye shamba wa kwanza na saini za majirani zake wa mpakani, kisha ashuke kwenye basi akawatafute majirani hao awaulize.